Wangari wa Tetu na hesabu ya hewa ya ukaa

Siku hizi ukikaa barazani na vijana waliosoma, hukosi kusikia habari ya gesi iliyoganda chini ya bahari. Ni methani iliyofungwa ndani ya barafu, kwenye kina penye baridi na mgandamizo mkubwa. Wataalamu wanasema ukisukuma hewa ya ukaa mle ndani, methani hutoka, nayo hewa ya ukaa hushika nafasi yake ikabaki chini. Mapema mwaka 2012 walilijaribu jambo hilo Alaska, chini ya ardhi yenye barafu, si baharini, na gesi ilitoka.

Mimi habari hiyo hunikumbusha bara, kule Wamagana katika kaunti ya Nyeri, na mwanamke aliyefariki miezi michache kabla ya jaribio hilo. Yeye pia aliifungia hewa ya ukaa, ila kwa miti.

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, eneo la Tetu, ambalo makao yake makuu ni Wamagana. Nimewahi kufika upande huo. Baridi yake si ya mtu wa Pwani, lakini ukiutazama msitu wa Nyandarua pale juu unakumbuka kwamba maji ya Mto Tana, yanayoingia baharini Kipini, yanaanzia huko na Mlima Kenya. Utotoni mamake alimkataza kuokota kuni kwenye mti wa mugumo. Karibu na mti huo palikuwa na kijito. Alipokuja kurudi ukubwani, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka.

Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasomea biolojia Kansas na kisha Pittsburgh. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu Nairobi, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika daraja hilo. Angeweza kubaki na darubini yake chuoni. Badala yake, tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba Nairobi, na hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanza.

Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo naona wengi hulipita. Wanawake wa vikundi walilipwa senti chache kwa kila mche, lakini si kwa mche uliopandwa tu. Walilipwa kwa ule uliopona. Kuchimba shimo na kupiga picha hakukutosha. Sharti mtu arudi, ahesabu, aone mti uko hai.

Mapambano yake na serikali yanajulikana: jumba la ghorofa 60 alilolipinga Uhuru Park mwaka 1989, akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, kisha msitu wa Karura. Mwaka 2002 Tetu walimchagua mbunge, mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, na mwaka 2007 Tetu hao hao wakamnyima kura. Siasa ndivyo ilivyo.

Mwaka 2006 shirika lake liliafikiana na mfuko mmoja wa Benki ya Dunia: vikundi vipande miti Nyandarua na Mlima Kenya, mfuko ununue hewa ya ukaa itakayofungwa na miti hiyo. Sisi tuliyaona hayo Gazi, Kwale, ambako Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa ya mikoko yao, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule.

Mkoko wa Gazi mwanakijiji anaweza kuushika na kuuhesabu. Hewa iliyosukumwa chini ya sakafu ya bahari ataihesabu nani, miaka 30 baada ya kampuni kuondoka? Sisemi sayansi hiyo ni ya uongo. Ila ikija kwenye maji yetu, kabla ya bei ningetaka tuulizie kanuni ile ya Wangari: malipo ni kwa kilichopona, na mhesabu awe mwenyeji.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani. Alikuwa ameusia asiwekwe katika jeneza la mbao, kwa hiyo walimsukia la mianzi, mafunjo na magugu maji.