Kirkman aliacha daftari la majumba ya kale Pwani

Anayesimama Mkomani, Nyali, akatazama ng'ambo ya mkondo wa bahari, huziona kuta za Fort Jesus zingali imara. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, lakini kuanzia 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni. Aliyesimamia kuigeuza makumbusho ni James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906.

Kabla ya hapo, tangu 1948, Kirkman alikuwa Gede, karibu na Watamu, ambako mji wa kale ulikuwa umemezwa na msitu. Kwa takriban miaka kumi yeye na vibarua wake walifyeka na kuchimba. Misikiti, jumba la mtawala na visima vikaonekana tena, pamoja na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Alitambua kuwa gofu likishafukuliwa huanza kuharibika upya, kwani mvua huila chokaa na mizizi hupasua kuta za matumbawe. Kwa hivyo kila alichokifukua alikipima, akakichora, akakipiga picha na kukichapisha vitabuni.

Mwaka 1958 alianza kazi Fort Jesus kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa 1962. Taarifa yake kamili kuhusu ngome hiyo ilichapishwa mwaka 1974.

Hata hivyo, hukumu yake haikuwa sahihi daima. Katika kitabu chake cha 1954 aliuita Gede mji wa Waarabu. Uchimbaji uliofanywa baadaye, hasa Shanga katika kisiwa cha Pate kuanzia 1980, ulithibitisha kuwa miji ya Waswahili ilichipuka kutokana na vijiji vya wenyeji. Maoni ya Kirkman yamepitwa na wakati, ilhali vipimo na picha zake zingali zinatumiwa na wataalamu, hata wale wasioafikiana naye.

Alifariki mwaka 1989. UNESCO iliitambua Fort Jesus kuwa turathi ya dunia mwaka 2011, na Gede 2024.

Funzo hilo linawahusu pia wakazi wa Nyali, ambako kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, ingali inaning'inia Kengeleni huku majengo mapya yakiizunguka. Si kila jengo la kale litaokolewa, lakini kila moja laweza kupimwa na kupigwa picha lingali wima. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.