Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Msasani

Ndugu msomaji, hapa Ipililo tunalima pamba, na bahari iko mbali nasi. Lakini huenda umewahi kuona picha ya chui au ndege iliyochorwa kwa rangi zinazong'aa. Picha za namna hiyo huitwa Tingatinga. Hilo ni jina la mtu. Soma habari zake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam. Huko alitunza bustani ya Mwingereza. Kisha alifanya vibarua vya kila aina, na baadaye akapata kazi hospitalini.

Alikaa Msasani, karibu na Bahari ya Hindi. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakusomea uchoraji, wala hakuwa na fedha za kununua vifaa vya ghali. Je, alifanyaje? Alitumia vitu vilivyouzwa madukani kwa bei nafuu. Alichukua hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kutengenezea dari, akaukata vipande vya kama futi mbili kwa futi mbili. Alichora kwa rangi ya kupaka baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja. Ulipokauka, alichora mnyama au ndege, kisha akamjaza madoa na rangi nyingine.

Picha zake ziliuzwa chini ya mbuyu, karibu na duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Wageni wengi walizinunua. Polepole maisha yake yakaanza kuwa mazuri.

Tingatinga hakuficha ujuzi wake. Aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake, akawafundisha. Walikaa pamoja wakichora.

Mwaka 1972 lilitokea jambo la huzuni. Polisi walimdhania kuwa mhalifu, wakampiga risasi. Akafa akiwa na umri wa miaka 40 tu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi.

Je, kazi yake ilikufa pamoja naye? La. Wanafunzi wake waliendelea kuchora na kufundisha wengine. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo picha hizo zinajulikana duniani.

Ndugu msomaji, wewe una ujuzi gani? Labda unafinyanga vyungu, unasuka vikapu au unachonga mipini ya majembe. Mfundishe mwenzako ungali hai. Ujuzi uliofichwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Maswali
1. Tingatinga alitumia vifaa gani kuchorea?
2. Kwa nini kazi yake haikufa?
3. Taja ujuzi unaoweza kupotea kijijini kwenu. Mtafanya nini ili usipotee?