Mfalme Albert wa Kwanza: likizo za milimani, reli ya Kalemie na kifo kwenye mwamba

Kwa wazee wa Baraka na Fizi, mji wa Kalemie ulikuwa Albertville. Huko ndiko boti za ziwa Tanganyika zilikutana na gari la moshi. Mtu aliyetoka kandokando ya ziwa akitaka kwenda Kabalo ao Kongolo alipaswa kwanza kushuka hapo, kununua tiketi na kungoja filimbi ya treni.

Jina la Albertville lilitolewa mwishoni mwa mwaka wa 1891. Kapiteni Jules Jacques, Mbelgiji aliyetumwa kupigana na wafanyabiashara wa watumwa, alijenga ngome kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa na kuipa jina la mwana wa familia ya kifalme ya nchi yake. Mwana huyo, Albert, alikuwa na miaka 16 na hakuwa bado ameona Afrika. Zaidi kusini, mji wa Moba uliitwa Baudouinville, jina la kaka yake. Ndugu hao wawili wakawa majirani kwenye ramani ya Tanganyika.

Albert alikuja kuwa mfalme wa Ubelgiji na mtawala wa Kongo kwa zaidi ya miaka 24. Alipenda mambo mawili maisha yake yote: mashine na milima. La kwanza lilimleta mara nyingi kwenye reli. La pili lilimuua.

Kijana asiyetazamiwa kutawala

Albert alizaliwa Bruxelles tarehe 8 mwezi wa nne mwaka wa 1875. Baba yake, Philippe, alikuwa ndugu mdogo wa mfalme Leopold wa Pili. Aliyetayarishwa kwa kiti cha ufalme alikuwa Baudouin, kaka yake Albert, lakini huyo alikufa kwa ugonjwa mwezi wa kwanza 1891. Kijana mrefu, mwenye haya na asiyependa maneno mengi, akajikuta katika safu ya watawala.

Mwaka wa 1898 alitembelea Marekani. Huko hakupoteza siku zake zote kwenye karamu. Alitaka kuona viwanda na reli, na alikutana na James J. Hill, tajiri aliyejenga njia ya gari la moshi kaskazini mwa nchi ile. Alirudi akiamini kwamba nguvu ya taifa inapimwa kwa njia zake za usafiri. Ubelgiji wenyewe ulikuwa na sababu ya kujivunia: mwaka wa 1835 ulifungua njia ya kwanza ya treni za abiria zinazovutwa kwa mvuke kwenye bara la Ulaya, kati ya Bruxelles na Mechelen. Mwaka wa 1900 Albert alimuoa Elisabeth wa Bavaria, ambaye jina lake lilipewa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi.

Safari ya 1909

Mwaka wa 1908 Leopold wa Pili alilazimishwa kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni la Kongo, baada ya dunia kujua habari za mpira, viboko na mikono iliyokatwa. Mwaka uliofuata Albert alikuja kujionea. Alishuka Afrika Kusini, akapanda gari la moshi kuelekea kaskazini, na reli ilipokwisha akaingia Katanga kwa njia ya nchi kavu. Kisha alifuata mto Lualaba hadi upande wa bahari ya Atlantiki.

Katika daftari lake aliandika aliyoyaona: watu waliochoka kwa kubeba mizigo, vijiji vilivyobanwa kwa kodi, na mfumo uliofanya kazi ya Afrika iwe dhahabu ya Bruxelles. Aliamini kwamba reli na barabara zingeondoa mizigo vichwani mwa watu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule Leopold alikufa, na Albert akaapa kuwa mfalme tarehe 23.

Treni ya wageni, treni ya mizigo

Wakati huo Ulaya ilikuwa na desturi mpya. Mwezi wa saba na wa nane, ambapo Fizi na Baraka ni kiangazi, Wazungu wenye uwezo walifunga masanduku na kupanda treni kwenda kupumzika kwenye milima ya Alpes. Reli ilikuwa imebadili milima ile. Njia ya Gotthard, iliyofunguliwa 1882, ilipita chini ya mlima kwa tundu la kilomita 15; wafanyakazi karibu 200 walikufa wakilichimba. Vijiji vya wafugaji kama Zermatt na Chamonix vikawa miji ya hoteli.

Pale mlima uliposimama sana, magurudumu ya kawaida yaliteleza. Mafundi wakaweka kati ya reli mbili chuma cha tatu chenye meno, na chini ya treni gurudumu lenye meno lililoshikana nacho, hivi kwamba gari lilipanda polepole bila kurudi nyuma. Kwa njia hiyo, mwaka wa 1912, treni ya Jungfrau nchini Uswisi ilifika mita 3,454 juu ya bahari. Ni karibu sawa na kilele cha Mohi, kilicho juu kuliko vyote kwenye milima ya Itombwe. Mwenye tiketi alifika kwenye theluji akiwa amekaa kwenye kiti.

Albert alipenda kufika milimani, lakini hakupenda kubaki kwenye kiti. Katika likizo zake za majira ya joto aliacha mavazi ya kifalme, akajiita Comte de Réthy ili watu wasimsumbue, na akatoka alfajiri akiwa na kamba, viatu vya misumari na kiongozi wa mlima. Alipanda kuta za mawe za Uswisi, za Ufaransa na za Dolomites huko Italia, akalala kwenye vibanda vya mbao pamoja na wapandaji wengine. Mwezi wa nane 1930 alikuwa kwenye ufunguzi wa nyumba ya wapandaji iliyopewa jina lake juu ya bonde la Chamonix, kwenye mita 2,700 hivi, mbele ya mto wa barafu. Nyumba hiyo ingali na jina lake.

Kongo hakuna reli iliyojengwa kwa ajili ya likizo. Njia ya kwanza kubwa, Matadi hadi Léopoldville, iliua watu zaidi ya 1,900 kati ya 1890 na 1898, kwa hesabu ya serikali yenyewe, na karibu wote walikuwa Waafrika. Upande wa mashariki, kampuni ya reli ya Maziwa Makuu ilianzishwa mwaka wa 1902 na kundi la tajiri Empain. Ilifungua vipande vya reli pale ambapo maporomoko yalizuia boti za Lualaba, kisha ikachimba njia ya kilomita karibu 270 kutoka Kabalo hadi Albertville. Reli ile ilifika ziwani mwezi wa tatu 1915, katikati ya vita.

Mfalme wa vita mbili

Mwezi wa nane 1914 Ujerumani ilidai jeshi lake lipite Ubelgiji. Albert alikataa. Nchi yake ilivamiwa na karibu yote ikatekwa, lakini yeye alibaki na askari wake nyuma ya mto Yser kwa miaka minne. Kati ya makamanda wake alikuwamo Jacques, yule aliyejenga ngome ya Albertville. Alipigana Dixmude na jina la mji huo likaongezwa kwa lake.

Vita ilifika pia Tanganyika. Tarehe 22 mwezi wa nane 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia Wabelgiji kwenye mdomo wa mto Lukuga, mahali pa Albertville. Mwaka wa 1916 askari wa Kongo chini ya jenerali Tombeur walichukua Kigoma mwezi wa saba na Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa. Reli mpya ya Kabalo ilileta silaha hadi ziwani. Ilipokwisha reli, kazi ilirudi kwenye vichwa vya watu: wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na maelfu walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Ulaya ilimwita Albert mfalme shujaa. Wapagazi wale wengi hawakuandikwa jina popote.

Huruma yenye mipaka

Utawala wake haukuwa ule wa Leopold, lakini ulibaki utawala wa kikoloni. Mwaka wa 1921 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Simon Kimbangu kifo kwa sababu ya mahubiri yaliyovuta maelfu ya watu kwenda Nkamba. Albert alibadili hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu hakuuawa, lakini hakuona tena kijiji chake: alikufa kifungoni Elisabethville mwaka wa 1951, baada ya miaka 30. Mwaka wa 1931 Wapende wa Kwango waliasi kwa sababu ya kodi na bei mbaya ya mawese, na mamia yao waliuawa na jeshi la koloni.

Safari yake ya Marekani ya 1919 ilimpa wazo lingine. Aliona mbuga zilizolindwa kwa sheria, na mwaka wa 1925 akatia sahihi kuundwa kwa mbuga ya Albert kwenye volkeno za Kivu, ya kwanza ya aina yake Afrika. Leo ni Virunga. Iliokoa sokwe wa mlimani, lakini pia iliwaondoa watu kwenye mashamba na malisho yao, na ugomvi wa mipaka ile haujaisha hadi sasa.

Mwaka wa 1928 alirudi Kongo pamoja na malkia, akafungua reli ya Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, yenye kilomita zaidi ya 1,100. Ilitoa shaba ya Katanga bila kupitia nchi za wengine. Mwaka wa 1932 alikuja mara ya mwisho, akafika Kivu.

Jioni ya Marche-les-Dames

Tarehe 17 mwezi wa pili 1934, siku ya Jumamosi, mfalme alikuwa na saa chache za mapumziko kabla ya shughuli ya jioni Bruxelles. Hakuhitaji kwenda hadi Alpes. Alienda kwenye miamba ya Marche-les-Dames, kando ya mto Meuse, karibu na Namur. Alimwacha mtumishi wake karibu na gari na kupanda peke yake. Giza liliingia bila yeye kurudi. Watu walitafuta kwa taa, na baada ya usiku wa manane wakamkuta amekufa chini ya mwamba, kichwa kimepasuka. Alikuwa na miaka 58.

Mfalme kufa peke yake bila shahidi ni jambo lililozaa maneno. Wengine walidai aliuawa, wengine walidai mwili uliletwa kutoka mahali pengine. Mwaka wa 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven walipima majani yenye damu yaliyookotwa pale siku zile na kuhifadhiwa. Yalithibitika kuwa na damu yake. Hiyo iliunga mkono habari ya kwanza: mtu aliyepanda mlima na kuanguka.

Milima haikuiacha familia ile. Tarehe 29 mwezi wa nane 1935, mwana wake Leopold wa Tatu alikuwa likizoni Uswisi. Gari alilokuwa akiendesha liliacha barabara karibu na Küssnacht, na mke wake, malkia Astrid, akafa. Ni huyo ambaye Butare ya Rwanda iliitwa Astrida kwa jina lake.

Baada ya uhuru, Albertville ikawa Kalemie, Baudouinville ikawa Moba, Elisabethville ikawa Lubumbashi na mbuga ya Albert ikawa Virunga. Ziwa Albert la Ituri lina jina hilo leo, lakini hilo ni la Albert mwingine, mume wa malkia Victoria wa Uingereza.

Reli haikufika kamwe Baraka wala Fizi. Msafiri wa huko anashuka bado kwa boti ao kwa barabara mbaya hadi Kalemie ili kuona gari la moshi, kwenye njia ileile iliyofika ziwani mwaka wa 1915. Na huko Marche-les-Dames, msalaba umesimama chini ya mwamba pale mfalme alipookotwa.