Mfungwa aliyetoroka Nanyuki apande Mlima Kenya, kisha akarudi kambini mwenyewe

Ukiwa Nanyuki asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, unauona mlima wote. Sasa wewe jiulize: ungekuwa mfungwa, unautazama kila siku kupitia seng'enge, ungefanya nini?

Felice Benuzzi aliamua kuupanda.

Jamaa alizaliwa Vienna mwaka wa 1910, akakulia Trieste. Alikuwa muogeleaji, na miaka ya 1930 aliiwakilisha Italia majini. Milima pia aliipenda. Lakini usimfanye malaika: mwaka wa 1938 alienda Ethiopia kuitumikia serikali ya kikoloni ya Mussolini. Waingereza walipowashinda Waitaliano huko 1941, akashikwa, akaletwa Kenya. Mwishowe akatupwa Kambi 354, Nanyuki.

Kule ndani siku zote zilifanana, na hakuna aliyejua atatoka lini. Kama umewahi kukaa mtaani miezi bila mishe, hali hiyo unaijua. Benuzzi akajipa kazi. Nyundo zikageuzwa shoka za barafu. Vyuma chakavu na seng'enge vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba za mkonge za vitanda zikawa za kupandia. Chakula kikawekwa akiba kidogo kidogo. Na ramani je? Walikuwa na picha ya mlima tu, kwenye lebo ya mkebe wa nyama!

Januari 24, 1943, walichomoka watatu kwa ufunguo wa kuchonga: yeye, daktari Giovanni Balletto na Enzo Barsotti. Barsotti aliugua, ikabidi abaki chini ya vilele. Wawili hao wakajaribu Batian, mita 5,199, lakini dhoruba ya theluji ikawarudisha. Februari 6 wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia.

Chakula kilipowaishia, walishuka na njaa mpaka kambini, wakajisalimisha. Walihukumiwa siku 28 kwenye seli, ila wakakaa saba tu, maana mkuu wa kambi alivutiwa na ujasiri wao.

Benuzzi aliachiliwa 1946, akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo 1947, kisha akawa mwanadiplomasia. Alifariki 1988.

Batian hawakuifikia, na uhuru hawakuupata. Lakini kwa wiki mbili na ushei, hakuna askari aliyewapangia siku. Kwa hivyo ukisema huna pa kuanzia, kumbuka ile lebo ya mkebe.