Mtakatifu Paulo: Raia Aliyekata Rufani kwa Kaisari

Tunapomkumbuka Mtakatifu Paulo, Mtume wa Mataifa, fikra zetu huenda upesi kwenye njia ya Dameski na nyaraka zake. Leo tumtafakari kama mshitakiwa, na tuulize ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumhukumu.

Paulo alizaliwa Tarso, mji wa Kilikia, akiwa Myahudi na pia raia wa Roma. Uraia huo ulimfuata popote katika dola: hakimu wa ugenini hakuruhusiwa kumpiga raia kabla ya kumsikiliza. Huko Filipi mahakimu walimchapa viboko hadharani bila hukumu. Walipotambua uraia wake waliingiwa na hofu, wakaja wenyewe kumsihi.

Kesi kubwa ilianza Yerusalemu, karibu na mwaka 58. Alishitakiwa kuwa amelinajisi Hekalu na kuchochea ghasia, mashitaka yaliyoweza kumgharimu uhai. Jemadari Klaudio Lisia aliamuru ahojiwe kwa mijeledi, lakini aliposikia kwamba ni raia, akasitisha. Ilipofichuliwa njama ya watu zaidi ya 40 walioapa kumwua, alimtoa mjini usiku chini ya ulinzi wa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, apelekwe kwa liwali huko Kaisaria.

Liwali Feliki alimweka kifungoni miaka 2, akitazamia rushwa. Festo, aliyemfuata, alitaka kuwapendeza wakuu wa Wayahudi, akamwuliza kama angekubali kuhukumiwa Yerusalemu. Walikuwa wamekusudia kumwua njiani. Hapo Paulo akatumia haki ya raia: akakata rufani kwa Kaisari. Baadaye mfalme Agripa alikiri kwamba mtu huyo angeweza kuachiliwa, kama asingekata rufani.

Je, Paulo alipungukiwa na imani? Bwana wetu alinyamaza mbele ya Pilato, naye mtume wake akadai haki. Sisi twajibu kwamba Paulo hakukimbia kifo. Alitamka wazi kuwa akionekana na kosa listahililo kufa, hakatai kufa. Alichokataa ni kutolewa kama zawadi kwa washitaki wake. Tena Bwana alikwisha kumwagiza amshuhudie Roma, na rufani ndiyo iliyomfikisha huko, hata baada ya merikebu kuvunjika Malta. Alikaa Roma miaka 2 katika nyumba aliyoipanga, akilindwa na askari, akihubiri. Mapokeo ya Kanisa yasema alikatwa kichwa zamani za Nero. Kaburi lake laheshimiwa hadi leo katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Wapendwa, wapo ndugu zetu wanaoshitakiwa katika nchi za mbali, wengine kwa makosa mazito. Si kazi yetu kuwatetea wenye hatia wasiadhibiwe. Ni kazi yetu kuuliza kama wamesikilizwa, na kuzisindikiza familia zao kwa sala na msaada, wala tusiwahukumu katika jumuiya zetu kabla ya mahakama kunena.

Mtakatifu Paulo, mfungwa kwa ajili ya Kristo, utuombee.