TOM KILBURN NA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA

Kompyuta haiwezi kufanya hesabu bila kuwa na mahali pa kuweka tarakimu inazozishughulikia. Mahali hapo huitwa kumbukumbu. Katika somo hili tutasoma habari za mtaalamu aliyeishughulikia kumbukumbu hiyo kwa miaka mingi.

Tom Kilburn alizaliwa tarehe 11 Agosti, 1921, katika mji wa Dewsbury, Uingereza. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipelekwa Malvern kufanya kazi ya rada chini ya Freddie Williams. Baada ya vita wote wawili walihamia Chuo Kikuu cha Manchester.

Siku hizo wataalamu walijua kuunda mashine ya kupiga hesabu upesi, lakini kuifanya ikumbuke kulikuwa kazi ngumu. Williams na Kilburn walitumia bomba la kioo, mfano wa lile lililokuwamo katika televisheni za zamani. Tarakimu ziliandikwa kwa madoa ya umeme juu ya kioo. Madoa hayo yalififia mara moja. Kwa hiyo waliunda mtambo wa kuyasoma na kuyaandika upya, tena na tena, bila kukoma.

Tarehe 21 Juni, 1948, mashine yao ndogo, iliyopewa jina la utani la Baby, yaani mtoto mchanga, ilitekeleza programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa na mistari 32 yenye tarakimu 32 kila mmoja, basi. Programu aliyoiandika Kilburn ilikuwa na amri 17. Kazi yake ilikuwa kutafuta namba kubwa kuliko zote, chini ya 262,144, iwezayo kuigawanya 262,144 bila baki. Mwanafunzi hodari atagawanya kwa mbili na kupata jibu papo hapo. Mashine haikujua kugawanya, ilijua kutoa tu. Ikazijaribu namba moja moja, na baada ya dakika 52 ikapata 131,072.

Kilburn aliendelea kuunda mashine kubwa zaidi. Atlas, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku. Ilikuwa ya haraka lakini ghali, nayo ilichukua mafungu 16,384 ya tarakimu. Ya pili ilikuwa ngoma za sumaku zilizozunguka. Zilikuwa za polepole, lakini zilichukua mara sita ya hapo. Kununua vipete vingi zaidi kungegharimu fedha nyingi mno. Kilburn na wenzake wakaamua kuifundisha mashine kupanga. Waliigawa kumbukumbu katika kurasa za mafungu 512. Ukurasa uliohitajika uliletwa kutoka kwenye ngoma, na programu maalumu ilichagua ukurasa wa kurudishwa, kwa kuangalia jinsi kurasa zilivyotumika. Mwandishi wa programu aliona kumbukumbu moja kubwa tu.

Simu za kisasa nazo hupanga kumbukumbu yake kwa kurasa. Nafasi ikiwa finyu, simu hubana kurasa zisizotumika, au hufunga programu zilizoachwa wazi. Hata hivyo, upangaji una mpaka wake. Programu moja ikihitaji kurasa nyingi kwa wakati mmoja kuliko nafasi iliyopo, mashine hushinda ikihamisha kurasa na kazi haiendi. Hapo haina budi kuongezwa kumbukumbu.

Kilburn alistaafu mwaka 1981. Alifariki tarehe 17 Januari, 2001, mjini Manchester.

Zoezi

Weka madaftari matatu juu ya dawati na matano ndani ya mfuko. Mwenzako ataje daftari lolote, mara ishirini. Likiwa mfukoni, litoe na urudishe jingine. Hesabu safari zako. Rudia ukiwa na madaftari manne juu ya dawati. Kisha rudia na matatu, lakini urudishe daima lile lililokaa muda mrefu bila kutajwa. Ni njia ipi iliyopunguza safari zaidi?