Peter Anson, Rafiki wa Mabaharia

Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Julai, Kanisa katika nchi nyingi huwaombea mabaharia. Wengi wetu twakaa mbali na pwani, nasi twadhani neno hili halituhusu. Walakini mafuta yaendeshayo magari yetu, ngano ya mkate wetu, na dawa nyingi za hospitali zetu zimevuka bahari mikononi mwa watu tusiowajua. Yafaa basi tutazame maisha ya mtu mmoja aliyewajua, wala hakukubali wasahauliwe.

Peter Anson alizaliwa mwaka 1889 huko Southsea, katika mji wa bandari wa Portsmouth, Uingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akapanda hata cheo cha amirali. Mtoto alipenda bahari na vyombo vyake, lakini hakufuata kazi ya baba. Alijifunza usanifu wa majengo mjini London, kisha mwaka 1910 akajiunga na watawa wa Kianglikana waliofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto katika kisiwa cha Caldey, nchi ya Wales. Mwaka 1913 wengi wa watawa wale waliingia Kanisa Katoliki, naye Anson akaingia pamoja nao.

Huko kisiwani, katikati ya sala na ukimya, moyo wake haukuacha kuwafikiri watu wa baharini. Aliona jambo la kuhuzunisha. Waanglikana walikuwa na shirika lao la mabaharia tangu mwaka 1856, na Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wakiwahudumia wavuvi wao wa mbali tangu mwaka 1894. Lakini katika bandari nyingi baharia Mkatoliki alishuka pwani asimkute padre wa kumngoja, wala nyumba ya kumkaribisha. Waliomngojea kwa bidii walikuwa wenye vilabu vya pombe na wanyang’anyi wa mshahara wake.

Anson hakuishia kusikitika. Tarehe 4 Oktoba 1920, mjini Glasgow, nchi ya Uskoti, yeye na Bruda Daniel Shields, Mjesuiti, na mlei aitwaye Arthur Gannon, walikutana na wenzao wachache wakauanzisha Utume wa Bahari. Tusidhani walikuwa wakuu wa Kanisa. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuwa padre. Hata hivyo mwaka 1922 Baba Mtakatifu Pius XI aliibariki kazi yao, nayo ikaenea kutoka bandari hata bandari.

Hapa ndipo maisha ya Anson yanapotufundisha zaidi. Baada ya miaka michache tu afya yake ilidhoofika, ikampasa kuwaachia wengine uongozi wa kazi aliyoianzisha. Watu wengi, wakinyang’anywa hivyo matunda ya jasho lao, hununa, au husema kwamba bila wao hakuna litakaloendelea. Anson hakufanya hivyo. Alikwenda kukaa na wavuvi wa Uskoti, kwa miaka mingi katika bandari ndogo ya Macduff, akichora mashua zao na kuandika juu ya desturi zao na imani yao. Wavuvi wale, wengi wao wasio Wakatoliki, walimpokea kama mwenzao. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alimpa nishani ya Mtakatifu Gregori.

Katika uzee wake alirudi kwa watawa. Wahenga wetu wa pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alifariki Julai 1975, mjini Edinburgh, akazikwa katika monasteri ya Nunraw.

Kazi yake haikuzikwa naye. Utume ule, ambao leo huitwa Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, unafanya kazi katika nchi zaidi ya 50. Mapadre, mashemasi na walei hupanda melini, husikiliza malalamiko ya mtu aliyenyimwa mshahara, humletea mgonjwa faraja, na huadhimisha Misa mezani walipolia chakula mabaharia. Haja haijapungua. Meli za siku hizi hukaa gatini saa chache tu, na baharia aweza kuzunguka dunia asikanyage mji hata mmoja. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini, muda wao wa kazi umekwisha, wasiweze kurudi kwa wake na watoto wao.

Wasomaji wapendwa, si kila mmoja wetu ataanzisha utume. Lakini aliye Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Mtwara aweza kumsalimu baharia mgeni kanisani na kumwuliza habari za kwao. Aliye bara aweza kumtia katika Rozari ya jioni, pamoja na mke na watoto wamngojao. Na sote tunaotumikia parokia zetu tujifunze kwa Anson kuanza kazi njema bila kungoja cheo, na kuiacha mikononi mwa wengine bila uchungu saa itakapofika.